Jicho Jekundu Lisilotoa Matongo



Wasomaji wetu wa Pwani hawajasahau mwanzo wa mwaka 2024, pale maradhi ya macho mekundu yalipozagaa Mombasa na kaunti jirani. Nyumba nzima iliumwa: alianza mtoto wa chuoni, akafuata mamake, kisha nyanya, na mwisho baba wa nyumba. Watu waliamka asubuhi kope zimegandana kwa matongo, wakayaosha macho kwa maji safi, wakavumilia, na baada ya wiki moja au mbili wengi wao walipoa pasi na kwenda hospitali. Alhamdulillahi.

Lakini maradhi yale yalituachia somo moja lisilo salama. Yalitufunza kwamba jicho likiwa jekundu ni jambo la kupita, halina haja ya nauli wala foleni. Somo hilo ni kweli kwa maradhi ya ngozi nyembamba ya juu ya jicho. Si kweli kwa maradhi ya ndani ya jicho. Na kwa kuwa yote mawili huanza kwa wekundu, wako watu wanaoketi nyumbani wakingojea kupoa, hali nuru yao inapungua siku baada ya siku.

Tumekusudia leo kuyaeleza maradhi hayo ya ndani, ambayo matabibu huyaita uveitisi, maana yake mchochota wa uvea. Sisi si matabibu, na safu hii haitibu jicho la mtu. Tuandikayo ni yale ambayo wataalamu wa macho wamekubaliana, pamoja na masuala ya fikihi ambayo akina mama wametuuliza mara kwa mara.

Zabibu ndani ya jicho

Jicho lina matabaka matatu. La nje ni gumu: ule weupe tuuonao, na mbele yake konea, ambayo ni kioo safi kinachong'aa. La ndani kabisa ni retina, wavu unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Baina ya hayo mawili lipo tabaka la kati, laini, lenye rangi nzito na mishipa mingi ya damu. Hilo ndilo uvea.

Uvea nayo ina sehemu tatu. Mbele ipo irisi, lile duara la rangi ya kahawia au nyeusi, lililotobolewa katikati na tundu tuliitalo mboni. Nyuma yake kuna siliari, kiungo kidogo kinachotengeneza maji ya ndani ya jicho na kuisaidia lenzi kujirekebisha tunapotazama kitu cha karibu. Nyuma kabisa ni koroidi, iliyotandazwa chini ya retina na kuilisha kwa damu.

Neno uvea latokana na Kilatini, na asili yake ni zabibu. Wataalamu wa kale waliopasua jicho na kuliondoa ganda lake la nje walikuta kitu cha mviringo, cheusi, chenye tundu mbele, mfano wa zabibu iliyong'olewa kikonyo. Wayunani walitangulia kuufanya mshabaha huo. Kisha Hunayn bin Is-haq, tabibu na mfasiri mkuu wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, akaandika kitabu chake cha Makala Kumi juu ya Jicho, na ndani yake tabaka hilo akaliita inabiya, kutokana na inabu, zabibu kwa Kiarabu. Retina aliiita shabakiya, kutokana na shabaka, yaani wavu. Mwanafunzi yeyote wa chuo atayatambua maneno hayo mara moja, na mpaka leo madaktari wa nchi za Kiarabu huyatumia. Kwa hivyo maradhi tuyazungumzayo si mageni kwa elimu ya wazee wetu, ingawa majina yake hospitalini ni ya Kizungu.

Mchochota na dalili zake

Mchochota ni ile hali ya sehemu ya mwili kupata joto, wekundu, maumivu na uvimbe, kwa sababu askari wa mwili wameitwa kupigana. Kidole kikichomwa na mwiba, hali hiyo twaiona kwa macho na mara nyingi ni ya kheri. Jichoni mambo ni tofauti. Nafasi ni ndogo, kuta zake ni nyororo, na kila kitu ndani yake chapaswa kuwa angavu ili mwanga upite. Askari wakishaingia humo, hata wakishinda vita, huweza kuiacha nyumba imevunjika.

Mchochota wa mbele, unaoshika irisi, ndio unaopatikana zaidi. Dalili zake ni hizi: jicho huwa jekundu, na wekundu huo hukolea pembezoni mwa duara la rangi, badala ya kuenea kwenye weupe wote. Huuma kwa ndani, maumivu mazito ambayo mgonjwa aweza kuyasikia mpaka kwenye paji la uso. Mwanga humkera mno. Akifunguliwa dirisha hugeuza uso, na hata jicho zima likimulikwa, lile bovu huuma, kwa sababu mboni mbili hujikunja pamoja. Uoni huwa na ukungu. Machozi hutoka, lakini matongo hayatoki. Mboni yaweza kuwa ndogo kuliko ya jicho la pili, au ikapoteza umbo lake la duara kwa kuwa irisi imenata kwenye lenzi iliyo nyuma yake.

Mchochota wa kati na wa nyuma huja kwa njia nyingine. Jicho laweza kuwa jeupe kabisa na lisiume. Mgonjwa huona vijidudu au nyuzi nyeusi zikielea mbele yake, au huona kana kwamba atazama kupitia chandarua. Hapo watu wa nyumbani humwambia, "Mbona jicho lako zuri tu?" Naye huanza kujitilia shaka.

Maradhi haya humpata mtu wa umri wowote, lakini huwashika zaidi walio baina ya miaka 20 na 60, yaani watu wa kulea na kuchuma. Yakiachwa, huleta mtoto wa jicho, presha ya jicho, maji kujaa katikati ya retina, au retina kubanduka. Mengine katika hayo hutibika kwa upasuaji. Presha ya jicho ikishauua mshipa wa kuonea, mshipa huo haurudi.

Barua ya dada yetu

Dada mmoja ametuletea barua, nasi tumepata idhini yake tuyataje mambo yake bila jina. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu tangu wiki 6 zilizopita. Alikwenda duka la dawa, akauziwa chupa ndogo ya matone, akapata nafuu kwa siku 4. Alipoacha, maumivu yalirudi. Akanunua chupa ya pili, kisha ya tatu. Sasa haumwi sana, ila akiziba jicho la kushoto haoni herufi za msahafu. Mkwewe asema ni hasadi, kwa kuwa yote yalianza baada ya harusi ambayo yeye alipambwa akapendeza. Mumewe asema asubiri mpaka baada ya Idd, kwani matone yatamharibia saumu. Naye auliza: je, anayo dhambi akienda hospitali bila kungoja?

Dada yetu, nenda kesho. Usingoje Idd. Kisha tuyajibu yote matatu, kwa sababu tunajua hauko peke yako.

Kwanza, ile chupa. Matone mengi yanayouzwa kwa jicho jekundu yana steroidi ndani yake, kama deksamethasoni au prednisoloni. Steroidi ni dawa nzuri mno, na kwa hakika ndiyo itumikayo hospitalini kuutuliza mchochota wa uvea. Lakini ni dawa ya kupewa na mtu aliyelitazama jicho kwa mashine. Ikitiwa kwenye jicho lenye kidonda cha virusi vya hepesi, huyafanya maradhi yale yasambae. Ikitumiwa kwa muda mrefu bila kupimwa, yenyewe huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ikiachwa ghafla, mchochota hurudi. Basi ile nafuu ya siku 4 ilizima moshi na moto ukabaki. Na kupungua kwa maumivu pamoja na kupungua kwa uoni si dalili ya kupoa.

Pili, hasadi. Sisi hatukanushi kuwa jicho la hasadi lipo. Mafundisho ya dini yetu yamelitaja na yametupa dua zake. Lakini Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha pia kutafuta dawa, na wala hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba asomewaye dua asitibiwe. Mkwe na amsomee mkaza mwanawe asubuhi, kisha amshike mkono waende hospitali. Mambo hayo mawili hayagombani.

Tatu, saumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuyafuatayo wengi wetu Pwani, jicho si tundu lililo wazi lifikalo ndani ya mwili. Kwa hivyo wanja na dawa ya matone havifunguzi, hata kama ladha ya dawa itaonekana kooni. Maimamu wengine wana kauli kwamba ikifika kooni hufunguza, na mwenye kutaka kujitoa katika hitilafu hiyo tutampa njia hapa chini. Ama mgonjwa ambaye tabibu muaminifu amemwambia kwamba kuacha dawa kutampotezea uoni, huyo hana haja ya hitilafu yoyote. Ugonjwa ni udhuru, na siku hulipwa.

Tumemjibu mwanamke, lakini maneno haya yawafikie waume. Mke asiyeona huku akiogopa kuomba nauli ni amana iliyopotezwa mikononi mwa aliyepewa.

Chanzo ni nini?

Tabibu akishagundua mchochota wa uvea, kazi yake ya pili ni kutafuta chanzo. Mara nyingi hakipatikani, na hilo halizuii matibabu. Kinapopatikana huwa katika mafungu matatu.

La kwanza ni mwili kujipiga wenyewe. Askari wa mwili hukosea wakaishambulia uvea kana kwamba ni adui. Wako vijana wenye maumivu ya mgongo ya kila asubuhi, mgongo ukawa mgumu mpaka watembee ndipo ulegee. Hao wana hatari ya kupata jicho jekundu la ghafla, na yafaa daktari wa mgongo na wa macho wasikilizane. Mwaka 1937 daktari wa ngozi wa Kituruki, Hulusi Behçet, alieleza maradhi yanayokusanya vidonda vya mdomoni, vidonda vya sehemu za siri na mchochota wa macho. Yanaitwa kwa jina lake hadi leo, na hupatikana zaidi katika nchi za njia ya kale ya hariri, kuanzia Uturuki mpaka Japani. Twayataja ili mwenye vidonda vya mdomoni vinavyorudi-rudi asione haya kumweleza daktari wa macho. Vitu hivyo viwili vyaweza kuwa kimoja.

Hapa tuwakumbuke watoto. Mtoto mwenye baridi yabisi ya utotoni, aliyevimba goti au kifundo kwa wiki kadhaa, aweza kupata mchochota wa uvea usio na wekundu wala maumivu. Mtoto halalamiki, mama haoni kitu, na madhara hugunduliwa amechelewa. Kwa hivyo mtoto wa namna hiyo hupaswa kupimwa macho kwa mashine kila baada ya miezi michache hata kama anaona vizuri. Na mtoto yeyote ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, iwe ni kwa picha ya simu au kwa macho, apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho, na waweza kuwa saratani.

Fungu la pili ni maambukizo. Kifua kikuu huingia jichoni hata kwa mtu asiyekohoa. Kadhalika kaswende, ukoma, virusi vya hepesi, mkanda wa jeshi unaotokea usoni, na maradhi yanayomnyemelea mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa. Hata Ebola imo. Daktari Ian Crozier wa Marekani aliambukizwa Sierra Leone mwaka 2014, akapona; baada ya miezi jicho lake la kushoto likashikwa na mchochota, irisi yake ikageuka kutoka buluu kuwa kijani, na virusi vilikutwa vikiishi ndani ya jicho wakati damu yake ilikuwa safi. Jicho lina faragha yake mwilini, na adui huweza kujificha humo.

Kwa sababu hiyo tabibu akiomba picha ya kifua, kipimo cha kaswende na kipimo cha virusi, hamtuhumu mtu. Hayo ni maswali yaulizwayo kwa kila mgonjwa wa maradhi haya, awe bikra au mjane, awe imamu au mvuvi. Tumesikia nyumba zilizotikisika kwa karatasi ya maabara: mume aona ametukanwa, au mke aificha karatasi chini ya godoro na vipimo visifanywe. Kumdhania mtu ubaya kwa sababu ya kipimo ni dhuluma. Kumnyima kipimo ni dhuluma kubwa zaidi, kwani maradhi hayo yana dawa, na jicho lisilojulikana adui yake hupewa dawa isiyo yake.

Paka wetu

Katika maambukizo, liko moja ambalo akina mama wajawazito hutuulizia: toksoplasma, kijidudu ambacho ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mchochota wa nyuma ya jicho duniani. Paka hukipata akila panya au nyama mbichi, kisha hukitoa kwa kinyesi chake kwa muda wa wiki chache. Mwanadamu hukipata kwa nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa, maji machafu, au mikono iliyogusa udongo wenye kinyesi hicho. Mjamzito akiambukizwa mara ya kwanza wakati wa mimba, kijidudu chaweza kumfikia mtoto tumboni, na athari yake jichoni huweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Tusitoke hapa tukawafukuza paka. Paka si najisi, na vichochoro vya Lamu na Mji wa Kale vingekuwa vya panya bila wao. Kumpapasa paka hakuleti maradhi haya. Kinyesi kibichi nacho huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuambukiza. Basi kiondolewe kila siku, na aondoaye asiwe mjamzito. Nyama ipikwe ikaiva mpaka ndani, mishikaki ya barabarani ikiwemo. Mboga zioshwe. Mikono ioshwe baada ya kulima bustani.

Mtoto wa fundi ngozi

Fungu la tatu ni majeraha. Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, mtoto wa miaka 3 alikuwa akichezea vyombo vya babake, fundi wa matandiko ya farasi. Shazia ikamteleza ikamchoma jicho moja. Jeraha likaharibika, na baada ya muda jicho la pili, ambalo halikuguswa na kitu, nalo likashikwa. Alipofika miaka 5 hakuona tena. Mtoto huyo ni Louis Braille, ambaye akiwa kijana alibuni maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Leo ipo misahafu iliyoandikwa kwa nukta zake.

Madaktari wengi wanaona kuwa jicho lake la pili liliathirika kwa mchochota unaoitwa wa huruma. Sababu yake ni hii: uvea imejificha, na askari wa mwili hawaizoei. Jicho likitobolewa, uvea hufichuka, nao huiona ni mgeni. Wakishaijua, huitafuta hata katika jicho lililo zima. Ni tukio la nadra, na siku hizi likiwahiwa hutibika. Lakini latufundisha kwamba jicho lililochomwa si la kungojea.

Nyumba zetu zina shazia zake: kifuo cha kufulia nazi, ndoana za uvuvi, manati za watoto, misumari ya makuti, cheche za wachomelea vyuma. Jicho likichomwa, lisioshwe kwa nguvu, lisikandamizwe, na kitu kilichozama kisitolewe. Lifunikwe kwa kitu kisicholigusa, kama sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, na mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Matibabu na namna ya kutia dawa

Hospitalini mgonjwa hukalishwa mbele ya mashine yenye mwale mwembamba wa taa. Tabibu huona chembe za askari zikielea kwenye maji ya jicho, kama vumbi tulionavyo katika mwale wa jua uingiao dirishani. Hakuna muuza dawa awezaye kuyaona hayo kwa kutazama juu ya kaunta.

Mchochota wa mbele hutibiwa kwa matone ya steroidi, mwanzo pengine kila saa, kisha hupunguzwa pole pole kwa wiki kadhaa. Huongezwa matone ya kupanua mboni, ili irisi isinate na maumivu yapungue. Matone hayo humfanya mtu asione vizuri vitu vya karibu na achukie jua kwa saa au siku kadhaa. Asishtuke, na wala asiyaache. Kama chanzo ni maambukizo, dawa ya maambukizo hayo hutangulia au huenda pamoja. Mchochota wa nyuma au unaorudi-rudi huweza kuhitaji vidonge, sindano, au dawa za kuwatuliza askari wa mwili kama methotrekseti. Dawa hii ni hatari kwa mimba. Mwanamke anayetaka kuzaa aseme mapema. Mvutaji sigara naye aache, kwani sigara huuzidisha mchochota.

Namna ya kutia matone ni hii. Osha mikono. Tikisa chupa ya steroidi kama imeandikwa itikiswe. Vuta kope la chini, tia tone moja, fumba jicho taratibu, kisha kandamiza kwa kidole ile pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika 2. Hapo ndipo penye mfereji upelekao machozi puani na kooni. Ukiuziba, dawa hubaki jichoni na ladha haifiki kooni. Hiyo ndiyo njia tuliyomuahidi mfungaji. Kama kuna dawa mbili, ziachane kwa dakika 5. Vidonge vya mara moja kwa siku huweza kunywewa wakati wa daku au futari, lakini ratiba hiyo ipangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Na yapo ya kuepukwa. Maziwa ya mama, maji ya sukari, maji ya majani yaliyofikichwa na mkojo haviingii jichoni kwa kisingizio chochote. Wanja nao, jicho likiumwa, uwekwe kando. Aina nyingine za wanja zina risasi, na ile risasi humdhuru mtoto mchanga hata akiwa mzima.

Siku ngapi za kungoja?

Watu hutuuliza kanuni fupi. Jicho jekundu lenye matongo, lisilouma kwa ndani na linaloona vizuri, laweza kutazamwa kwa siku chache. Jicho jekundu lenye maumivu, linalochukia mwanga au lililopungukiwa na uoni, lionwe na mtaalamu siku hiyo au ya pili yake. Vitu vinavyoelea vilivyoanza ghafla, mmweko wa mwanga, au kivuli kama pazia, ni hali ya dharura.

Mahali pa kwenda papo. Zipo kliniki za macho katika hospitali za kaunti, ikiwemo Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, na Kwale kuna kituo cha macho kinachojulikana na wengi. Afisa wa kliniki wa macho huweza kuanza matibabu na kumpeleka mgonjwa mbele. Beba chupa zote ulizotumia, hata zilizokwisha. Andika tarehe maumivu yalipoanza. Taja maumivu ya mgongo, ya viungo, vidonda vya mdomoni, kikohozi, mimba na paka wa nyumbani. Na ukishapoa, jua kwamba maradhi haya yana tabia ya kurudi: ziba jicho moja moja kila Ijumaa usome mstari wa kitu kile kile, ili upungufu ukianza uujue wewe kabla ya mtu mwingine.

Twamalizia kwa jambo lililo mikononi mwa kila nyumba. Usiku wa leo, baada ya Isha, mwambieni kila aliye ndani azibe jicho la kulia asome, kisha la kushoto. Muanze na nyanya, ambaye hasemi, na mtoto, ambaye hajui kwamba wenzake wanaona zaidi. Kazi hiyo haifiki dakika 10, wala haina gharama. Mkipata upungufu, msilale na ushauri wa jirani.

Allah atuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, na awape shifaa wagonjwa wote. Wabillahi tawfiq.